Kumwandikia Mtu Mwenye Dimenshia: Maswali na Majibu

Dimenshia inaathirije usomaji?

Dimenshia, ambayo wengi huiita ugonjwa wa kusahau, ni jina la jumla la dalili zinazoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer peke yake huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Si uzee wa kawaida, wala si laana. Mgonjwa anaweza kuisoma sentensi ndefu kwa sauti bila kukosea, lakini afikapo mwisho hajui tena ilianza na nini.

Kadi zetu za kliniki zina kasoro gani?

Hapa Nairobi ni kawaida kukuta kadi imeandikwa "TCA 14/3, 8.00 am". TCA ni mkato wa wahudumu wenyewe, wenye maana ya kwamba urudi tena. Tarehe imebaki tarakimu tupu. Hiyo saa nane ya Kizungu, mama mzee ameiita saa mbili maisha yake yote, na kugeuza hesabu kichwani ndiko hasa ugonjwa huu unakokufanya kuwe kugumu. Mwandikie hivi: "Mama, rudi kliniki Jumanne, tarehe 14 Machi, saa mbili asubuhi. Njoo na dawa zako."

Bahasha ya dawa nayo huandikwa "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kana kwamba kila mtu alisomea famasia. Mwombe mfamasia akutajie nyakati, kisha uandike: "Kidonge kimoja asubuhi, baada ya chai," na mstari mwingine kwa kila wakati unaofuata.

Karatasi na herufi ziweje?

Herufi ziwe za ukubwa wa pointi 14 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, kwa kuwa karatasi inayong'aa hurudisha mwanga na kuficha maneno. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, wala usiweke maua nyuma ya maandishi. Picha iwe ya kitu chenyewe: mlango halisi wa kliniki unafaa kuliko kibonzo cha daktari anayecheka.

Tutumie lugha gani?

Wazee wengi wa jiji hili walijifunza Kiswahili au Kiingereza baada ya lugha ya nyumbani, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo hudumu zaidi. Hata hivyo, wapo wanaoizungumza bila kuwahi kuisoma. Kwao, sauti ya mjukuu iliyorekodiwa kwenye simu hufaa kuliko karatasi. Maneno yawe mepesi, ila yasiwe ya kumsemesha mtoto. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, na sioni kwa nini dimenshia iachwe nje.

Nitajuaje kwamba ameelewa?

Usimuulize "Umeelewa?", kwani mzee mwenye adabu atakujibu "Ndiyo" ili asikuvunje moyo. Mpe kadi, umwombe akueleze atafanya nini siku hiyo, na anapokwama ubadilishe maneno yako. Kliniki inayochapisha kadi mia tano ingefanya jaribio hilo na wagonjwa wenyewe kwanza.

Nyumbani, kadi ikae mahali pamoja anapopatazama kila siku, tuseme ukutani juu ya chupa ya chai. Ya mwezi uliopita iondolewe siku ile ile, maana yeye hana njia ya kujua ipi imepitwa na wakati.