Sungura hanywi maji? Mambo tunayoambiana huku Moshi yanayotuulia sungura

Ukianza tu kufuga huku Kibosho lazima atokee mtu mzima akwambie mwanangu hao usiwape maji, majani yanawatosha, ukiwapa wataharisha wafe. Mi niliambiwa na mama jirani, na alikua anasema kwa nia njema kabisa, lakini sio kweli jamani. Sungura wa kilo 2 anahitaji kama mililita 100 mpaka 300 kwa siku, jike anaenyonyesha anaweza kukaribia lita nzima, na kama unawapa majani makavu au pelleti (chakula cha dukani cha vidonge) ndo kiu inazidi. Akikosa maji chakula kinakauka tumboni, utumbo unapunguza kusukuma chakula, anaacha kula, na sungura hawezi kutapika kwahiyo kilichokwama kimekwama. Ukiona kinyesi kimekua kidogo kigumu kama mbegu ya papai ujue kiu imeshamuumiza.

Nafikiri maneno haya yalianzia masika, majani ya kihambani (shamba la migomba la nyumbani) yanakua na maji mengi sungura anaonekana hana shida, halafu mtu anaweka maji kwenye kisufuria, sungura anakipindua, banda linalowa, baada ya wiki wanaharisha. Hapo kinachoua ni lile banda kulowa, maji ya kunywa yanasingiziwa tu, ntaelezea chini.

Sasa hili la pili naomba ulisome taratibu. Watu wanasema sungura akiumwa mpe amoksilini, dawa ni dawa. Mi nilikua na jike la kijivu likaanza kupiga chafya, kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu ya mbele kwa ndani yameganda maana ndo anajifutia pua. Nikaenda duka la dawa nikauziwa kapsuli za binadamu, nikafungua nikakoroga ule unga na maji nikamnywesha kwa bomba la sindano. Siku ya pili chafya zikapungua nikafurahi kweli. Siku ya nne asubuhi nakuta mapaja na mkia vimelowa uharo kama maji, hajagusa hata majani ya mabingobingo aliyokua anayapenda, jioni akafa, na alikua na vitoto sita ndani.

Nikaja kuelezwa na daktari wa mifugo. Sungura anamalizia kusaga majani kwenye mfuko mkubwa pale utumbo mpana unapoanza, na kazi hiyo wanaifanya bakteria wanaoishi humo. Amoksilini, ampisilini, penisilini au klindamisini ikipita mdomoni inaua wale wema, wanabaki wabaya jamii ya Clostridium, wanazaliana na kumwaga sumu. Yani mafua yanapona halafu mnyama anakufa kwa tumbo. Ile ya kamasi mara nyingi ni bakteria aitwae Pasteurella multocida na zipo dawa zake, lakini daktari ndo achague na apime dozi kwa uzito, hata penisilini ya sindano anajua yeye lini inafaa.

Kuna wanaochinja wakikuta ini lina vidoa vyeupe wanasema minyoo, wengine wanasema karogwa. Mara nyingi hiyo ni koksidia ya ini, Eimeria stiedae, ni kijidudu cha seli moja kwahiyo dawa ya minyoo unapoteza hela tu. Mayai yake yanatoka na kinyesi na yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji unyevu na kama siku 1 mpaka 4 ndo yakomae. Ndo maana nasema banda likilowa ni hatari, na ndo maana ukifagia kila siku, ukamwagia maji ya moto na kuanika vizimba juani unakua umemkata njiani, maana dawa nyingi za kusafishia hazimuui.

Wengine wanaogopa kabisa kufuga wakisikia sungura ana magonjwa ya virusi, wanadhani yote yanamuingia mtu. Australia walisambaza virusi vya miksomatosisi, ugonjwa unaoua sungura, mwaka 1950 kupunguza sungura wa porini, mwaka uliofuata watu wakaumwa homa ya ubongo na wananchi wakalaumu virusi hivyo. Wanasayansi watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, wakajidunga wenyewe virusi vya sungura na hawakuugua. Kinachoweza kukupata wewe mara nyingi ni upele wa utitiri wa Sarcoptes, ule unaoanza kama maganda ya kijivu puani na kwenye kingo za masikio, na fangasi wa ngozi pia, kwahiyo ukimshika mwenye maganda vaa glavu, unawe, na mtenge na wenzake.

Na mwisho hili la kula kinyesi. Kijana wangu aliniita alfajiri moja analia kabisa, baba sungura ana njaa anakula mavi. Tukachuchumaa na tochi tukaangalia, anainama katikati ya miguu anachukua kitu laini, cheusi, kinang'aa kama kishada cha zabibu ndogo, anakipokea kwa mdomo hata hakigusi chini. Hicho ni chakula kilichotoka kwenye ule mfuko wa bakteria, kina protini na vitamini B, lazima akipitishe tumboni mara ya pili. Ukivikuta vile vilaini vimelala chini asubuhi hajavila ndo ushtuke, pengine amenenepa hafikii, au mgongo au meno vinamuuma, au umezidisha pumba na mahindi.