Je, Wajua Kwa Nini Mtaalamu wa Fiziotherapia Hurudi Darasani Kabla ya Kutibu Maumivu ya Nyonga?

Mtu aliyehitimu fiziotherapia anajua kumrudishia mgonjwa wa kiharusi nguvu za mkono, kumfundisha aliyevunjika paja kutembea tena na kutuliza mgongo uliokaza. Hata hivyo, akija mgonjwa mwenye maumivu ya chini ya kitovu, ya kinena, ya msamba au ya kifandugu ambayo yamedumu kwa miezi mingi, yaani maumivu sugu ya nyonga, mhitimu huyo anahitaji mafunzo ya ziada kabla ya kumpima kwa ukamilifu. Aibu inayozunguka sehemu hizo ipo, lakini si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba misuli inayohusika haionekani kwa macho, maumivu yake husikika mbali na yanapoanzia, na zoezi ambalo karibu kila mtu amelisikia kwa ajili ya sehemu hiyo linaweza kumzidishia mgonjwa taabu.

Chini ya fupanyonga kuna tabaka za misuli zilizotandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Misuli hiyo hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hufunga na kufungua njia za haja, na hushiriki katika tendo la ndoa. Hufuatana pia na pumzi: mtu akivuta hewa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hushuka na misuli ya msamba nayo hulegea kidogo, akiitoa, vyote hupanda. Neva kuu ya msamba, inayotokana na neva ya 2, ya 3 na ya 4 za sakramu (mfupa wa mwisho wa mgongo ulio juu ya kifandugu), hupita ubavuni mwa msuli wa ndani ya nyonga ambao kazi yake ni kuzungusha paja. Kwa ujirani huo, msuli huo ukikaza huweza kumfanya mtu aamini kwamba kibofu chake kinauma, naye akatibiwa kibofu ambacho hakina ugonjwa.

Zoezi linalojulikana sana lilienezwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, ambaye mwaka 1948 alichapisha makala kuhusu kuimarisha misuli ya msamba kwa kuikaza na kuilegeza mara nyingi. Alikuwa akiwalenga wanawake waliopoteza nguvu za misuli hiyo, hasa wanaovuja mkojo, na kwao zoezi hilo linasaidia mpaka leo. Tatizo ni kwamba wengi wenye maumivu sugu ya nyonga hawana misuli iliyolegea, bali iliyojikunja na kusahau kujiachia. Kumwambia mtu wa namna hiyo akaze mara kumi asubuhi na mara kumi jioni ni kumwongezea mzigo alioshindwa kuutua. Kwa maoni yangu, matangazo ya mitandaoni yanayouza dawa za kubana uke na mazoezi ya kubana yanastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo, kwa sababu muuzaji hajampima mteja wake hata mmoja.

Mafunzo huanza na kuuliza, na sehemu hii huchukua muda mrefu kuliko wanafunzi wanavyotarajia. Mtaalamu hujifunza kuuliza bila kutahayari: unakwenda haja ndogo mara ngapi, choo ni kigumu, maumivu huongezeka katika siku za hedhi, tendo la ndoa linauma mwanzoni au ndani zaidi, uliongezewa njia wakati wa kujifungua, umewahi kukeketwa au kufanyiwa upasuaji. Mgonjwa huulizwa pia kuhusu ukatili wa kingono, kwa maneno yanayompa mgonjwa nafasi ya kutojibu. Majibu madogo hutoa mwanga mkubwa. Anayesema kwamba akikaa kwenye kiti huumia, lakini akikaa kwenye choo cha kukaa hupata nafuu, anaelekeza fikra kwenye neva ya msamba, kwa kuwa uwazi wa choo hauibinyi kama kiti kinavyofanya.

Katika maelezo hayo hujitokeza hadithi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua. Mama anakwenda zahanati akiwa na maumivu chini ya kitovu na haja ndogo ya mara kwa mara, anaambiwa ni UTI, anapewa antibayotiki, anarudi baada ya wiki chache na kupewa nyingine, ilhali mkojo haujawahi kuoteshwa maabara ili kuthibitisha kwamba una bakteria. Nyumbani nako anaambiwa ni chango na kuchemshiwa mizizi. Wanaume wana njia yao ya kuzungushwa: huambiwa ni tezi dume, ingawa katika wagonjwa wengi wanaopewa jina la uvimbe sugu wa tezi hiyo vipimo havikuti maambukizi yoyote. Hilo halina maana kwamba ogani hazina makosa kamwe. Mwanamke anaweza kuwa na endometriosi ya kweli (ugonjwa ambapo tishu kama za utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake) na pia misuli iliyojikunja kwa miaka mingi ya kujikinga na maumivu hayo, na akatibiwa kimoja tu akabaki na kingine.

Baada ya maswali, mikono huanzia mbali. Mtaalamu hutazama upumuaji, hupima mgongo na maungio ya nyonga, kisha hugusa tumbo. Kipimo kimoja rahisi kilielezwa na daktari mpasuaji Carnett mwaka 1926: kidole hubonyeza mahali panapouma tumboni huku mgonjwa akiinua kichwa na mabega kutoka kitandani. Maumivu yakizidi wakati misuli ya tumbo imekazwa, chanzo kinaelekea kuwa ukuta wa tumbo wenyewe. Yakipungua, chanzo kinaelekea kuwa ndani zaidi, kwa kuwa misuli iliyokaza imekuwa kinga.

Uchunguzi wa ndani hufuata tu pale mgonjwa anapokubali baada ya kuelezwa, na anaweza kuukataa au kuusimamisha wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Mgonjwa hulala chali, magoti yamekunjwa, shuka limefunika mapaja, na akitaka huwa na mtu wake chumbani. Mtaalamu hutumia kidole kimoja chenye glovu na kilainishi, kupitia uke au njia ya haja kubwa. Msamba huchorwa akilini kama uso wa saa: namba 12 iko kwenye mfupa wa kinena, namba 6 kwenye njia ya haja kubwa, na kila msuli una namba zake. Kidole hubonyeza polepole, kikihama namba hadi namba, na kila mahali swali huwa lilelile: haya ndiyo maumivu yako, au ni mengine? Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kipimo, maana msuli ukibonyezwa kwa nguvu utauma hata kwa mtu mzima wa afya. Nguvu za msuli hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na mpango uliotungwa na mtaalamu wa Uingereza Jo Laycock huongeza muda wa kuhimili, idadi ya marudio na mikazo ya haraka. Kwa mgonjwa wa maumivu, hata hivyo, mkufunzi mzuri hukazia jambo ambalo alama hizo hazilionyeshi vya kutosha: baada ya kukaza, je, msuli unarudi ulipokuwa, na kwa kasi gani?

Stadi hiyo haipatikani kwa kusoma. Katika kozi nyingi washiriki huanza na mifano ya plastiki, kisha hupimana wao kwa wao kwa ridhaa ya maandishi, mkufunzi akiwa karibu. Aliyewahi kulala mwenyewe kwenye kitanda kile hujua thamani ya kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika.

Tiba yenyewe huanza na maelezo kuhusu jinsi mfumo wa fahamu unavyoweza kuendelea kupiga kengele baada ya jeraha kupona. Hufuata kupumua kwa tumbo ili msamba ujifunze kushuka, kuweka kigoda chini ya miguu wakati wa choo, kulainisha kovu la mshono, na mikono ya mtaalamu kuminya taratibu mafundo ya misuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika Amerika Kaskazini, ukiwahusisha wanawake 81 wenye maumivu sugu ya kibofu, ulilinganisha tiba hiyo ya mikono na masaji ya kawaida ya mwili mzima: asilimia 59 ya waliopata tiba ya misuli ya nyonga walipata nafuu ya kuridhisha, dhidi ya asilimia 26 ya waliopata masaji.

Tiba ya wajawazito hufundishwa kando, kwa kuwa maumivu yao mara nyingi hutoka kwenye maungio ya fupanyonga na si kwenye msamba. Mama hulala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka, kisha hurudia huku mtaalamu akibana nyonga zake kwa mikono miwili. Mguu ukiwa mwepesi safari ya pili, mkanda wa nyonga na mazoezi ya uthabiti vina nafasi ya kumfaa, pamoja na mambo madogo kama kuvaa nguo akiwa ameketi na kugeuka kitandani akiwa amebana magoti.

Sehemu moja ya mafunzo haihusu mikono kabisa, bali kumtambua mgonjwa asiyepaswa kuwa kwenye kitanda cha fiziotherapia. Maumivu makali ya ghafla kwa mwanamke aliyekosa hedhi yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Korodani iliyoanza kuuma ghafla inaweza kuwa imejisokota. Ganzi ya msamba pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa haja huashiria neva zilizobanwa mgongoni. Homa na uchafu ukeni huelekeza kwenye maambukizi. Wagonjwa hao hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi yao inasema wamekuja kwa mazoezi.