Bei ya tochi si bei ya alumini

Huyu ni mteja wa nne mwezi huu kuishangaa bei yangu ya kukereza. Kijana wa Mikindani kaja na tochi ya kuzamia ya mwenzake, anataka nimchongee kama ile. Nikamtajia bei, akacheka. "Fundi, alumini si inauzwa kwa kilo kwa watu wa chakavu?"

Inauzwa, ndiyo. Na ndiyo kitu rahisi kuliko vyote humo ndani. Tochi inakerezwa kutoka kwenye kipande kizima: natoboa katikati betri ipate kukaa, nakereza nje, na sehemu kubwa ya alumini uliyolipia inabaki sakafuni, maranda matupu. Kuna uzi wa kifuniko. Halafu mfereji wa oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji yasiingie; mfereji huo ndio unaonizeesha. Oringi ya unene wa milimita 2 inataka mfereji wa kina cha kama milimita 1.5, ibanwe sawasawa. Nikizidisha kina, haibanwi tena, na ukizama mita 10 tu shinikizo ni maradufu ya lile la juu. Maji hayaombi ruhusa.

Usiniambie "pima tu na venia", kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Alumini ikitoka mashineni ina moto. Kipande cha milimita 100 kikizidi joto kwa nyuzi 20 kinarefuka karibu milimita 0.05, na kwa joto letu la Mtwara kupoa kwenyewe ni kazi. Ukinikuta nimekaa na kahawa pembeni, ujue nipo kwenye tochi yako.

Kufunga kipande, kukiweka katikati, kunoa visu, kujaribu: asubuhi nzima imekwisha. Kiwanda kinaigawa asubuhi hiyo kwa tochi elfu. Wewe wa tochi moja unaibeba peke yako. Nimesema mpaka koo limekauka: jikusanyeni wazamiaji kumi, mje siku moja.

Na maneno mengine ninayoyasikia hapa: eti mashine ya kompyuta inachonga yenyewe. Inafuata ilichoandikiwa, hata kama ni kukipiga kisu ukutani.

Eti stenlesi haishiki kutu. Kwa chumvi ya pwani hii, stenlesi ya daraja la 304 inatoboka vidoti vidoti. Ya 316, iliyochanganywa na metali ya molibdenamu, inavumilia zaidi, nayo uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Eti kinachong'aa ndicho kilichochongwa vizuri. Kung'aa ni msasa, na msasa unakula kipimo. Kuna mtu nilimkabidhi shafti ya mashine ya kubangulia korosho, mahali pa kuvalia beringi namba 6204 kipenyo chake milimita 20 kamili. Akaipiga msasa nyumbani ipendeze. Jana kairudisha, beringi inacheza, na anasema nilikosea vipimo.