Je, wajua kwa nini jina la tokeni halitoshi kuitambua?

Nilipoandika kwa mara ya kwanza maelezo ya zana ya kutafuta tokeni (sarafu za kidijitali), ile ambayo wakala wa akili mnemba huitumia anapotaka kujua tokeni fulani iko wapi kwenye blokicheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), niliweka sentensi moja niliyoiamini kabisa: "Taja alama ya tokeni, kwa mfano USDC, nawe utapewa anwani yake." (USDC ni tokeni inayolenga thamani ya dola moja ya Marekani.) Kosa lilikuwa katika neno "yake". Nilichukulia kwamba alama moja ina mwenyewe mmoja. Sivyo.

Wengi huamini hivyo, na sababu inaeleweka. Katika soko la hisa, alama ya kampuni husajiliwa na soko lenyewe, na kampuni mbili haziruhusiwi kuwa wajina humo. Tunaingia kwenye blokicheni na mazoea hayo bila kuuliza huku alama zinagawiwa na nani. Hazigawiwi na yeyote. Kiwango cha ERC-20, kilichopendekezwa mwaka 2015 na kufuatwa na tokeni nyingi za blokicheni ya Ethereum, kinalazimisha kila mkataba (programu inayoendesha tokeni) uweze kusema jumla ya tokeni zilizopo na salio la kila anwani. Jina, alama na idadi ya desimali (tarakimu baada ya nukta) vimeachwa kuwa hiari. Hakuna daftari la majina, wala karani wa kukataa jina lililokwisha kuchukuliwa. Yeyote anaweza leo kuunda mkataba wake na kuuita USDC, na mtandao ukaupokea bila swali.

Fikiria mtaa ambao kila nyumba ina kiwanja chake, na mlangoni kuna kibao. Kibao huandikwa na mwenye nyumba, kwa maneno ayatakayo. Ukimwambia mjumbe apeleke fedha kwenye nyumba iliyoandikwa "Benki", atasimama kwenye mlango wa kwanza wenye neno hilo na kukabidhi. Zana inapouuliza mkataba "unaitwa nani?", inasoma kibao tu. Hapo hakuna shahidi wa pembeni. Mkataba unajisemea wenyewe. Mtandao unathibitisha kwamba jibu hilo kweli limetoka kwenye mkataba huo, basi. Kama jibu ni la kweli au la uongo, hiyo si kazi yake.

Vibao vyenyewe navyo vinaweza kudanganya macho. Herufi С ya alfabeti ya Kirusi na C yetu hufanana kwenye skrini, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Hivyo kuna USDC ambayo si USDC hata kwa tahajia.

Kiwanja ndicho anwani. Kwa njia ya kawaida ya Ethereum, huchukuliwa anwani ya aliyeunda mkataba pamoja na hesabu ya miamala aliyokwisha kuituma, vikapitishwa kwenye hesabu iitwayo Keccak-256, na baiti 20 za mwisho zikawa anwani: tarakimu na herufi 40 baada ya 0x. Kibao hunakilika kwa sekunde. Kiwanja hakinakiliki, mradi tuko ndani ya mnyororo mmoja, yaani blokicheni moja. Sharti hilo ni zito, kwa sababu anwani ileile inaweza kuwepo kwenye minyororo miwili ikiwa na mikataba isiyohusiana kabisa. Kwa hiyo utambulisho kamili ni vitu viwili vikiwa pamoja: namba ya mnyororo (Ethereum ni 1, Polygon ni 137, Base ni 8453) na anwani.

Msomaji binadamu akikutana na sentensi yangu ya mwanzo, huenda akasita na kufungua ukurasa mwingine kuhakikisha. Wakala huichukua ilivyo, na kama amepewa pochi, muamala unaondoka. Ndiyo maana maelezo ya zana hii ni sehemu ya zana yenyewe. Sasa yangu yanasema kwamba utafutaji kwa alama hurudisha orodha ya zinazowezekana, kila moja na mnyororo, anwani, desimali na orodha ya tokeni iliyoitaja. Kwamba wakala asichague ya kwanza. Kwamba zikibaki zaidi ya moja amuulize mtumiaji. Na kwamba asiandike anwani kutoka kwenye kumbukumbu yake. Modeli ya lugha inaweza kutunga herufi 40 zinazopendeza kabisa na zisizoelekeza popote. Niliongeza pia kwamba jina la tokeni ni data, si agizo, maana mgeni aliyeliandika anaweza kuweka humo hata sentensi ya kumwamuru wakala atume fedha.

Orodha za tokeni zilizohakikiwa husaidia sana, ila zinasimamiwa na watu, na tokeni kukosekana humo hakuthibitishi kuwa ni bandia. Pengine ni mpya tu.

Desimali zinastahili mstari wao. USDC ya Ethereum ina 6, kwa hiyo USDC 5 huandikwa 5,000,000 ndani ya muamala. Ile iliyotolewa na Binance, soko la sarafu za kidijitali, kwenye mnyororo wa BNB Chain ina 18. Wakala akidhani zote ni 18, kiasi anachokiomba kwenye Ethereum kitazidi mara trilioni moja.

Kuna moja linalonivutia kuliko yote. ETH yenyewe, sarafu ya Ethereum, si tokeni ya ERC-20 na haina mkataba. Baadhi ya programu huipa anwani ya kubuni iliyojaa herufi E ili ipate mahali pa kukaa kwenye jedwali. Kwa hiyo ukitafuta "ETH" kati ya mikataba pekee, kila jibu utakalopata ni la tokeni nyingine iliyojipa alama hiyo.