Kasri la Mysore si la Tipu Sultan, jamani

Jumapili nimelisikia tena kosa hili hapa Mysore, kusini mwa India: eti kasri ni la Tipu Sultan, mtawala wa zamani wa Mysore. Mgeni wangu katoka Bengaluru, alikokuwa akimuuguza kaka yake; kafika getini tu, anasema: "Kumbe Tipu Sultan alikaa pazuri hivi!" Na wasiomtaja Tipu huwataja Wamughal, wale wafalme Waislamu wa kaskazini mwa India, kwa sababu wameona kuba.

Tipu aliuawa Srirangapatna, mji wake mkuu, Mei 1799. Kasri hili lilikamilika 1912. Beit al-Ajaib ya Unguja, ya 1883, ni kongwe kuliko hili! Waliolijenga ni Wadiyar, ukoo wa kifalme ambao Hyder Ali, babake Tipu, aliupoka madaraka. Tipu alipokufa, Waingereza wakamrudisha mtoto wa ukoo huo kitini, na mwaka 1803 akajengewa kasri la mbao. Likaungua 1897, katikati ya harusi ya binti mfalme Jayalakshammanni. Mama yake, aliyeshika utawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, akampa kazi Henry Irwin, msanifu aliyekwisha kujenga jumba la mtawala wa Kiingereza kule Shimla. Irwin akachanganya matao ya Kiislamu, nakshi za Kihindu na kidogo cha Kigothi. Hakuna Mmughal aliyelijenga.

Safari hii mbao hazikuaminiwa tena. Ukiingia Kalyana Mantapa, ukumbi wa harusi, usikimbilie kupiga picha dari la vioo lenye tausi kama kila mtu. Tazama nguzo kwanza. Zimepakwa buluu inayoelekea kijani, na wageni huniapia kwamba ni mawe. Ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa Glasgow kikaja kwa meli. Mzee mmoja wa Unguja nilimpeleka pale, akacheka: "Hizi si nduguze zile za Forodhani?" Alikuwa na maana ya nguzo za chuma zilizobeba baraza za Beit al-Ajaib. Huyo sikumwongezea neno.

Mengine ni madogo. Kiti kinachobebwa na tembo kwenye Dasara, sikukuu kubwa ya Mysore, si dhahabu tupu. Ni mbao zilizovikwa dhahabu, chote karibu kilo 750, na tembo anatosheka. Taa nazo, karibu 97,000, haziwaki sawasawa kila usiku. Hasa ni Jumapili jioni, sikukuu, na siku za Dasara. Anayefika Jumanne usiku asininunie mimi.

Na njoo na soksi. Viatu vinaachwa nje, na yale mawe ya uani saa saba mchana hayana huruma.