Kiduha si uchawi

Magharibi mwa Kenya na kanda ya Ziwa Tanzania, bado kuna mkulima anayeona mahindi yake yamedumaa na kugeuka manjano ilhali mvua imenyesha, akaamini shamba limerogwa. Wiki chache baadaye vinachomoza vimaua vya zambarau. Hicho ni kiduha, gugu ambalo Wajaluo wanaliita kayongo.

Chimbua shina moja taratibu utaona. Mizizi ya kiduha imejishikiza kwenye mizizi ya mhindi, inafyonza maji na chakula. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, nazo hulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja harufu ya mzizi wa mhindi. Kwa hiyo kung'oa maua hupunguza mbegu za kesho, lakini msimu huu madhara makubwa yamekwisha kutokea chini ya ardhi.

Watafiti wa CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano), KARI (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya) na taasisi ya Weizmann ya Israel, pamoja na kampuni ya BASF, walishirikiana kupata mahindi yanayostahimili imazapiri, dawa ya kuua magugu. Mbegu za mahindi hayo hupakwa dawa hiyo, kiduha kikijishikiza kinakufa. Kenya yaliitwa Ua Kayongo. Wengine wanadhani yamepandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Hapana, ustahimilivu huo ulitokana na badiliko ndani ya mhindi wenyewe. Ila ukishapanda mbegu hizo zilizopakwa dawa, tafadhali nawa mikono kabla ya kugusa mbegu za maharage, maana dawa hiyo itaziua.