Je, wajua kwa nini kipindi cha Ordovisi kina jina la kabila?

Kipindi cha Ordovisi kilianza yapata miaka milioni 485 iliyopita na kwisha yapata miaka milioni 444 iliyopita, wakati karibu viumbe wote walikuwa wa majini. Jina lake, hata hivyo, ni la Waordovisi, kabila la kaskazini mwa Wales lililopambana na majeshi ya Roma katika karne ya kwanza. Kilichowakutanisha watu hao na bahari ya kale ni ugomvi wa wanajiolojia wawili.

Mwaka 1835 Adam Sedgwick na Roderick Murchison, wakiwa bado marafiki, walitangaza pamoja vipindi viwili vipya. Sedgwick alikuwa amechunguza miamba ya kaskazini mwa Wales akianzia matabaka ya chini na kupanda, akaiita Kambri kutokana na Cambria, jina la Kilatini la Wales. Murchison alianzia matabaka ya juu akashuka, na miamba yake akaiita Siluri, kwa jina la kabila la Wasiluri wa kusini. Kwa kuwa mmoja alipanda na mwingine alishuka, haikuchukua muda ikabainika kwamba matabaka ya katikati yalidaiwa na wote wawili. Fahali hao hawakukaa tena zizi moja. Murchison, ambaye mwaka 1855 alikabidhiwa uongozi wa idara ya serikali ya upimaji wa miamba, alikuwa na nguvu zaidi, lakini alifariki mwaka 1871, na Sedgwick mwaka 1873, bila suluhu.

Suluhu ilitoka kwa mwalimu wa shule. Charles Lapworth, aliyekuwa akifundisha Uskoti, alitumia muda wake wa ziada kukusanya graptoliti, visukuku vya viumbe wadogo wa baharini vinavyoonekana kwenye mwamba mweusi kama mikwaruzo ya penseli. Kwa kuwa spishi zao zilibadilika upesi, ziliweza kutambulisha tabaka moja na jingine, naye akaona kwamba matabaka yaliyogombewa yalikuwa na viumbe wake yenyewe, tofauti na wa chini na wa juu. Mwaka 1879 alipendekeza yawe kipindi cha tatu na, kwa werevu unaochekesha kidogo, akakipa jina la Waordovisi, kabila lililopakana na Wasiluri.

Ilipofika mwaka 1960 ndipo jina hilo lilipokubaliwa rasmi kimataifa. Mpaka wa Ordovisi na Siluri sasa umewekwa Dob's Linn, korongo la kusini mwa Uskoti ambako Lapworth mwenyewe alichimbua graptoliti zake.